Mashine Mbili za Gemu Zilizomtoa Mume Wangu Jicho

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Admin, jina langu lifiche kabisa, maana mume wangu akijua nimesema haya ataniua, na sitanii. Mimi ni mama wa miaka sitini na sita, naishi Shanwe hapa Mpanda, na anayenibonyezea simu ni mjukuu wangu wa kike. Najua humu mmezoea visa vya michepuko. Changu ni cha mashine za gemu. Chekeni kwanza, mkimaliza mnisikilize.

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa na mwaka wa pili kwenye ndoa. Mume wangu, tumwite Sabasi, alikuwa mtumishi wa ndani kwa mhandisi wa Kizungu aliyekuwa na kambi ya barabara njia ya Sitalike. Kaka yangu, tumwite Deo, baba mmoja mama mmoja, alikuwa mpishi wa padri wa Kizungu upande wa Magamba. Miaka hiyo huku bara hatukuwa na kituo cha runinga hata kimoja. Lakini wale Wazungu kila mmoja alikuja na runinga yake na mashine ya kuchezea gemu, jioni wanawasha jenereta wanacheza. Ya padri ilikuwa na mchezo mmoja tu, mpira mdogo mweupe unarudishwa na vijiti viwili, ila mnacheza watu wawili kwa pamoja. Ya mhandisi ilikuwa ya rangi, ukichomoa kasha ukachomeka jingine unapata vifaru, ukichomeka jingine unapata ndege.

Nimejuaje yote hayo na sikuwahi kuziona? Nilihubiriwa kila Jumapili! Baada ya misa watu walikuja kwetu kunywa kimpumu, pombe yetu ya ulezi. Chungu kimoja katikati, kila mtu na mrija wake, na mwenye nyumba, yaani mimi, naongeza maji ya moto kila ikipungua. Hapo ndipo mashine zilipolinganishwa mpaka majirani nao wakagawanyika, wengine wa padri, wengine wa mhandisi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuona runinga.

"Ya kwenu ukishaona mpira umemaliza," Sabasi alikuwa anasema. "Yetu ina michezo hata kuihesabu huwezi."

"Shemeji, nyie mnabadilisha makasha kwa sababu hamna hata moja tamu," Deo anamjibu. "Sisi tunashindana. Juzi nimemfunga padri mpaka akanuna."

"Mimi vifaru vya bosi nimelipua vyote."

Kwetu mashemeji wanataniana. Ukiambiwa na shemeji yako una sura ya ngedere, unacheka unaongeza na la kwako. Kwa hiyo hakuna aliyewazuia, hata maneno yalipoanza kuuma. Tulidhani bado ni utani, na hilo ndilo kosa letu sote tuliokaa kwenye chungu kile.

Jumapili moja Deo alikuja na binti aliyekuwa anataka kumposa. Alijisifu siku hiyo kupita kiasi, na Sabasi alikuwa ameshalewa. Akatoa mrija mdomoni, akasema kwa sauti, "Deo, acha kudanganya watoto wa watu. Hiyo mashine hujawahi kuigusa. Kazi yako kuifuta vumbi tu."

Watu waliangua kicheko. Yule binti naye alicheka. Nilikuwa nimesimama na sufuria, maji yametoka jikoni yanatokota. Kaka yangu alininyang'anya akammwagia mume wangu usoni yote. Jamani, sijawahi kusikia mtu akilia vile. Ngozi ya shavu ilishuka na mkono wake alipojishika. Hapo hapo, haoni, akapapasa ukutani akapata mchi wangu wa kutwangia, akaanza kupiga hovyo. Pigo la kwanza lilivunja chungu. La pili lilimpata Deo kiwiko, nikasikia mfupa ukilia. Deo alipoanguka, mume wangu aliendelea kumpiga huyo huyo kwa kufuata sauti yake, mpaka wanaume wanne wakamkalia. Damu na kimpumu vilichanganyika sakafuni kwangu.

Sabasi alipoteza jicho la kulia. Mkono wa Deo haukunyooka tena, na binti hakumpata. Tangu siku hiyo nimeishi katikati yao. Mama alipofariki, kaka alinifukuza msibani kwa fimbo, eti nimeleta harufu ya mume wangu. Nyumbani nako nikitaja jina la Deo napigwa. Meno mawili ya mbele yameenda kwa jina hilo. Nina hasira nao wote wawili, niseme tu ukweli.

Sasa kaka amelazwa hapa hapa mjini, ini limekwisha. Alimtuma binti yake kwangu na ujumbe huu: "Mwambie shangazi yako aje. Na amwambie shemeji kwamba alisema kweli, mimi ile mashine sikuwahi kuigusa."

Nilijikaza nikamwambia mume wangu. Akanijibu, "Unadhani nilijuaje kazi yake ni vumbi? Hata mimi nilikuwa nafuta vumbi."

Nililia. Nikajua sasa yamekwisha, ataniruhusu. Akainama, akatoa panga chini ya kitanda, akaliweka mapajani. "Nenda," akasema. "Ila ukirudi hapa umetoka kumshika yule mtu, nitakukata." Namjua. Halewi siku hizi, na hapigi kelele akikusudia jambo.

Leo asubuhi binti wa kaka amepiga simu. Anasema baba yake hali chakula tena, kila mlango ukifunguka anauliza kama ni mimi. Nimeshavaa, nimekaa tu kitandani, na mume wangu yuko mlangoni. Nyie mlio mbali na hasira hizi, nipeni akili: niende nikamfumbe macho kaka yangu, au nibaki hai?