Mikono ya Kwenda Mtihanini

Simu ya Chelimo ilianza kumkataa wakati mvua za masika zilipokolea na chai ikaanza kukimbia, ikichipua kuliko mikono ya kuichuna. Aliweka kidole gumba pale pa kufungulia, simu ikatetemeka kidogo na kubaki imefungwa. Alikipangusa kwenye leso, akajaribu tena. Mwishowe aliandika namba ya siri, kama mtu anayeingia nyumbani kwake kwa mlango wa nyuma.

Aliipeleka kwa Celine, fundi wa simu pale sokoni Boito. Celine alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa chai, wazazi wake wakiwa wametoka upande wa ziwa, na hapakuwa na mahali pengine alipopaita kwao. Aliifuta simu, akasajili kidole chake mwenyewe, ikafunguka mara moja.

"Madam, simu haina shida," alisema. "Ni kidole ndio imepoteza network."

"Wacha mchezo, Celine."

"Si mchezo. Lete mkono." Akaugeuza kuelekea mwangani. "Ona hii. Imekuwa laini kama sahani. Wamama wa majani wote wako hivi. Mamangu anafunguliwa simu na wajukuu, na hao wajukuu wanasoma mpaka meseji za kanisa."

Chelimo alicheka. Alikuwa amefika karibu na daraja alipokumbuka mtihani, na miguu ikasimama yenyewe.

Alikuwa na miaka thelathini na minne. Alisomea ualimu wa biolojia na kemia, akafundisha shule moja ya upili upande wa Siongiroi, mwalimu wa kuajiriwa na bodi ya wazazi. Walimu wa serikali walipoletwa, bodi ilimwandalia chakula cha mchana, ikamshukuru, ikampa thamosi ya maua mekundu. Akarudi Boito kwa mama yake, Esnah, mjane mwenye kipande cha chai kinachoteremka mpaka mtoni. Siku ya pili tu alifunga plastiki ya kuzuia umande kiunoni na kushuka shambani kuchuna chai. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Jambo moja tu ndilo alilokuwa amebakiza la kwake. Palikuwa na ufadhili wa masomo ya uzamili, sayansi ya udongo, kwa walio chini ya miaka thelathini na mitano. Alijiandikisha kwa mtihani wa kuingilia akiwa bado anafundisha. Alikwenda Kericho mjini, katika ofisi iliyonukia rangi mpya, akabonyeza vidole vyake juu ya kioo kidogo chenye mwanga wa kijani. Vidole hivyo vilikuwa na chaki. Sasa mtihani ulikuwa umekaribia, na kwa miaka yake hapangekuwa na mwingine.

Alipofika nyumbani alisoma tena masharti. Mtahiniwa ambaye alama za vidole vyake hazitalingana na zilizosajiliwa hataruhusiwa kuingia. Alikuwa ameyasoma mara nyingi maneno hayo, kama mtu asomavyo onyo la kutobeba simu. Akaipigia simu ile ofisi. Msichana aliyepokea alimwambia kwamba usajili ulikuwa umefungwa.

"Lakini ngozi hurudi, madam," alisema. "Pumzisha tu mikono."

Jioni hiyo Esnah alikuwa akichochea moto. Chelimo aliketi kwenye kigoda karibu naye.

"Mama, siwezi kuchuna tena mpaka mtihani upite."

"Ni vizuri. Usome."

"Si kusoma tu. Kuna mashine mlangoni itaangalia vidole vyangu. Ikiona ni vidole vya majani, itanikataa."

Esnah aliuacha moto, akamtazama.

"Itakataa mikono ya majani?"

"Ndiyo, mama."

"Hata mashine," alisema Esnah, akarudi kwenye kuni zake.

Kuanzia hapo Esnah alichuna peke yake. Chelimo alisoma kwenye meza ya dirishani, na kila alipoinua macho aliuona mgongo wa mama yake ukizama na kuibuka katikati ya chai, mvua ikimpiga. Mgongo ule ulikuwa na maumivu ya zamani. Alipotoka kutaka kusaidia, hata kubeba kikapu tu, Esnah alimfukuza kwa mkono bila kugeuka, kama anavyofukuza kuku. Majani yaliyopita siku zake yaliachwa yakakomaa. Pale kituoni, ambapo wakulima hupeleka majani kupimwa, wanawake walimuuliza Esnah kama binti yake ni mgonjwa. Alisema anasoma. Mmoja akauliza, bado? Esnah alirudi nyumbani na swali hilo akalirudia kama lilivyokuwa, bila uchungu, akamimina maziwa.

Chelimo alipaka vidole mafuta ya kukamulia ng'ombe, asubuhi na jioni. Hakuosha vyombo. Aliwahi kuwafundisha watoto wa watu tabaka za ngozi, akachora ubaoni vile vijilima vidogo vya ncha ya kidole, na sasa alivisubiri juu ya vidole vyake kama mtu anayesubiri mbegu ziote. Doa jeusi la utomvu wa chai lilibaki kwenye mikunjo na kando ya kucha, lakini chini yake mistari ilirudi. Mwanzoni ilikuwa hafifu. Halafu asubuhi moja, bila kutazamia, aliweka kidole na simu ikafunguka. Aliketi kitandani akaitazama mpaka mwanga wake ukazima. Kisha akafungua tena, na tena.

Mtihani ulikuwa Ijumaa. Alhamisi alasiri Esnah aliwahi kurudi kutoka shambani. Alichemsha maji, akayamimina kwenye beseni, akaweka chini majivu yaliyochungwa, limau lililokatwa, na lile jiwe la kusugulia miguu.

Vilima hivi vina desturi hiyo. Mwanamke wa chai hashikani mikono na watu kanisani kwa vidole vyeusi, wala hapokei wageni wa posa navyo. Siku moja kabla, husugua mpaka doa liondoke, na kama ni msichana, mama yake humsugua. Chelimo alisuguliwa hivyo siku aliyokwenda chuo kikuu.

"Lete mikono," alisema Esnah.

"Mama, iko sawa."

"Haiko sawa. Hii hapa nyeusi. Na hapa. Ulisema itakataa mikono ya majani."

Ndipo Chelimo alipoelewa. Majuma yote hayo mama yake alikuwa akiinamia chai akidhani mashine inaona uchafu. Akafungua mdomo aeleze kwamba inasoma mistari, si rangi. Lakini Esnah alikuwa ameshapiga magoti, akiuma meno kwa ajili ya mgongo, na alikuwa ameshaushika mkono wake wa kulia na kuuzamisha majini. Vidole vya Esnah vilikuwa havina mstari wowote. Vilikuwa vimelainika vyote, vya mtu ambaye hakuna kioo popote ambacho kingemjua.

"Mama, polepole."

"Nilikusugua ukienda chuo, ukalia. Leo wewe ni mtu mzima, unalia tena?"

"Silii."

"Basi nyamaza. Nikiwa msichana hapakuwa na mtihani uliotaka mikono. Mimi ningeenda na mguu tu."

Wote wawili wakacheka. Chelimo alijiambia kwamba mara moja haiwezi kudhuru. Alijiambia pia kwamba pengine doa nalo lilikuwa linazuia mwanga, na jambo hilo si la uongo kabisa. Jiwe lilipita kwenye gumba, likapita kwenye kidole cha shahada, na limau likawasha. Esnah alisugua kidole kimoja kimoja kwa subira ya mtu anayesuka ukili. Alipomaliza aliikausha mikono ile kwa leso safi, akaitazama pande zote.

"Sasa ni mikono ya mwalimu," alisema.

Asubuhi, njiani kwenda Kericho, simu ilimkataa Chelimo. Alisema moyoni ni baridi. Akaiweka mikono kwapani.

Ukumbi ulikuwa orofani. Mlangoni alikaa mwanamume mmoja wa makamo, Nyamweya, beji shingoni, kompyuta mbele yake na kile kioo kidogo. Walio mbele ya Chelimo kwenye foleni walibonyeza, kijani ikawaka, wakapita. Chelimo akabonyeza. Ikawaka nyekundu.

"Pangusa, madam, ujaribu tena."

Nyekundu. Wakajaribu gumba la kushoto. Wakajaribu vyote vilivyosajiliwa. Nyamweya alimtazama usoni, akaitazama picha kwenye kitambulisho, akamwona ni yeye. Kisha akauinua mkono wake.

"Hizi vidole zimefanywa nini?"

"Zimeoshwa."

"Zimeoshwa na nini, dada yangu?"

Chelimo alikunja vidole. Nyamweya aliondoka akapiga simu mwishoni mwa korido, akizungumza kwa sauti ya chini na kutikisa kichwa. Aliporudi alikuwa na kikombe cha chai ya moto.

"Shika hiki zipate joto. Tutajaribu mara ya mwisho."

Alikishika kwa mikono miwili. Ndani, mtu alikuwa akisoma maagizo ya mtihani, na kupitia mlango uliokuwa wazi Chelimo aliona dawati moja tupu karibu na dirisha. Alibonyeza. Nyekundu.

"Ningekuwa na uwezo ningekuingiza," alisema Nyamweya. "Lakini bila kijani jina halifunguki huko ndani. Hata ukikaa, hutapata maswali."

"Naelewa."

"Ujaribu mwaka ujao."

Alimshukuru. Hakumwambia habari ya miaka. Mlango ulifungwa taratibu, na yeye akamaliza chai ile kwa sababu alikuwa amepewa.

Alifika Boito mchana. Esnah alikuwa mlangoni, amevaa gauni la Jumapili, siku ya kazi.

"Umerudi mapema. Ilikuwa rahisi?"

"Haikuchukua muda, mama."

"Na mashine? Ilisema nini?"

Chelimo alimtazama, mgongo ule, leso ile mpya kichwani.

"Ilisema mikono ni safi."

Esnah alishusha pumzi kwa muda mrefu. Alisema jina la Mungu kwa Kikipsigis, polepole, akaketi juu ya ngazi.

"Sasa tunangoja majibu," alisema.

"Tunangoja."

Chelimo aliingia ndani akavua nguo za mjini. Alipotoka alikuwa amefunga plastiki kiunoni na kubeba kikapu mgongoni. Lori la majani lilikuwa bado halijapita, na upande wa mto chai ilikuwa imesimama bila kuchunwa.

"Acha kwanza," alisema Esnah. "Mikono ikae hivyo mpaka Jumapili. Watu waione."

Chelimo alipita kando yake akashuka shambani. Kwenye safu ya kwanza aliinama, akaanza kuchuna kwa mikono miwili, haraka, bila kuchagua.