Safari ya Kitale Kutafuta Matope

Mwaka ule kijito chetu kilikauka wakati ambao mimi nilikihitaji kuliko ng'ombe wote wa kijiji. Likizo ya Agosti ilikuwa imefika, na kwetu Bungoma rika langu lilikuwa linaingia jandoni. Asiye wa kwetu na aelewe hivi: alfajiri ya siku yenyewe kijana hupelekwa mtoni, hupakwa matope baridi toka utosini hadi miguuni, halafu hurudishwa nyumbani kusimama mbele ya ngariba bila kupepesa jicho. Sasa mahali petu pa matope, pale walipopakwa baba na babu, palikuwa pamepasuka kama visigino vya mwalimu wetu wa hesabu.

Mtu atauliza kwa nini tusiende mto mwingine. Bana, kila ukoo una mahali pake. Kwenda kwa wengine ni kama kuazima godoro la jirani siku ya harusi yako. Na kama ningekosa mwaka ule, ningengoja zamu nyingine ndevu zikiniota, wadogo wangu wakiniita mtoto.

Mimi naitwa Simiyu, maana yake kiangazi, basi majirani walipata la kusema. "Si ni huyu amekausha mto? Amesikia kisu kinanolewa!"

Mvua ilikuwa haba, lakini si kiasi hicho, maana mito mingine ilikuwa bado inapita. Chifu alisema kijito chetu kinatoka upande wa Kitale, kwenye mashamba ya masetla, na mkono wake haufiki huko.

"Mkono wake haufiki," akasema mjomba Wafula, kaka yake mama. "Basi miguu yetu itafika."

Mjomba alirudi kutoka vitani na koti la jeshi ambalo halivui hata jua likiwaka. Nikaokota njuga zangu. Kwetu anayeingia jandoni huzunguka akizipiga kuwaalika watu, na anayealikwa lazima atoe kitu: kuku, mbuzi, hata ng'ombe kama Mungu amemgusa. Shangazi yangu anakaa Kiminini, njiani kabisa. Sikuona sababu ya kumwacha na kuku wake.

Asubuhi na mapema tulipanda lori lililokuwa linakwenda Kitale kuchukua mahindi. Tulikaa juu ya magunia matupu, na kila shimo la barabara lilitukumbusha kwamba ni matupu. Tulipopita Kamukuywa baridi ilianza kuuma, mashamba yakawa makubwa, ua mmoja unakwenda mpaka macho yanachoka. Nikamuuliza mjomba mtu mmoja analima yote haya kwa jembe gani.

"Kwa majembe ya watu wengine," akasema, akafunga kifungo cha koti.

Kiminini tulishuka. Nilipiga njuga nje ya nyumba ya shangazi mpaka mbwa wakajificha. Alitoka akicheka, akanipa jogoo mwekundu mwenye dharau usoni. Mjomba alipomweleza habari ya kijito, shangazi alinyoosha kidole juu kilimani. "Maji yenu yamelala pale, kwa setla. Nendeni mkayaone yalivyonenepa."

Tulipanda. Kweli, pale palikuwa na bwawa pana, bata wanaogelea kama wamelipa kodi. Upande wa chini paliwekwa ubao mzito wa kuinuliwa na kushushwa, na chini ya ubao hapakutoka hata jasho. Setla mwenyewe alikuwa amesafiri. Tulimkuta nyapara wake, mtu wa tumbo na filimbi.

"Haya maji ni ya bwana," alisema. "Lakini njia iko. Leteni hao vijana wenu wapalilie mahindi ya bwana mpaka shamba liishe, na mimi nainua ubao."

"Unataka tununue matope?" mjomba akauliza.

"Mimi nauza maji, mzee. Matope mtajitengenezea."

Mimi nilicheka, halafu nikakumbuka jina letu. Kwetu kila rika hupewa jina la jambo la mwaka wake. Kuna waliopewa jina la nzige, kuna wa njaa. Sisi tungeitwa Walionunua Matope, mpaka tuwe vikongwe, mpaka kwenye mazishi yetu. Wake zetu wangetuimbia jikoni! Mjomba naye aliona hivyo hivyo, maana aligeuka bila kuaga.

"Twende kwa mwenye maji," akasema.

"Si ni huyu?"

"Huyu ni mwenye ubao."

Mchana tulikuwa Kitale mjini, na hapo nilifungua macho. Maji yalikuwa yanatembea barabarani! Mwanamume mmoja alikuwa anaswaga ng'ombe wanaovuta mkokoteni wa mapipa, akiita, "Maji! Maji safi!" na watu wanatoka na madebe yao na kununua bila aibu. Kwetu ukimnyima mtu maji unaitwa mchawi, na ukimuuzia sijui utaitwa nani. Nikamfuata nikamuuliza kama haogopi kuuza kitu cha Mungu.

"Kijana, maji nachota pale kwenye bomba la Serkali," akasema. "Mimi nauza miguu yangu na ya hawa ng'ombe. Mlima huu hujauona?"

"Na anayekaa juu mlimani analipa zaidi?"

"Kidogo. Nikipandisha sana anashuka bombani mwenyewe."

"Na bomba likifungwa?"

Alinitazama mimi, akamtazama jogoo wangu. "Hapo ningetaja bei ninayotaka, na wewe ungelipa huku unalia."

Maneno hayo yalinikaa kichwani. Nikamwona mawazoni nyapara na filimbi yake, amekaa mahali ambapo hakuna bomba lingine.

Mwenye maji wa mjomba alikuwa Serkali, na ofisi yake ya maji ilikuwa chumba cha mabati. Mlangoni alikaa karani aliyeitwa Njoroge, kijana nadhifu ambaye wazazi wake walihamia Trans Nzoia kutoka upande wa Mlima Kenya. Alitupeleka kwa afisa, mzungu mrefu mwenye magoti mekundu. Mjomba akakakamaa kama yuko gwaride, akapiga saluti.

"Wewe nataka maji ya nini?" afisa akauliza. "Ya kunywa, ya ng'ombe, ama ya shamba?"

Mjomba akanitazama. Mambo ya jando hayasemwi mbele ya mtu ambaye hajaingia, na hakukuwa na njia ya heshima ya kumuuliza mzungu yule kama ameingia. Jasho likamtoka ndani ya koti. "Ya kazi, Bwana," akasema mwishowe.

"Kazi gani?"

Niliona safari yetu inafia pale. Basi nikafanya kile ninachojua: nikapiga njuga. Nilizipiga ofisini mle mpaka makaratasi yakaruka, nikamwalika afisa kwenye jando langu kwa lugha ya kwetu, kwa sauti yangu yote. Aliyealikwa lazima atoe kitu, si ndiyo? Jogoo naye akawika, akanichomoka kwapani, akatua mezani.

"Kuku hii ya nini?" afisa akapiga kelele, uso umelingana na magoti. "Serkali hapana kula kuku! Toa hongo yako nje!"

Karani Njoroge alikuwa amejishika mbavu. Alituvuta kando. "Hiyo ni sherehe ya kwenu, ama ninakosea? Hata sisi asubuhi ile tulioga mto baridi. Mzee, hebu niseme mimi." Mjomba akamnong'oneza habari ya ubao na nyapara, kisha karani akanigeukia. "Na wewe weka njuga chini. Maji usiyaombe kama zawadi. Ukipewa zawadi leo, mwaka ujao utaambiwa ulishapewa. Sema yamezuiwa."

Akamweleza afisa kwa Kiingereza, na mimi, mwanafunzi, nikafuata kipande hapa kipande pale. Afisa alipoa. Akasema mito yote iko chini ya Serkali. Setla ana ruhusa ya kuchukua maji, lakini ruhusa yenyewe inamtaka aache mengine yapite kwa watu wa chini.

"Bwana," nikasema, "nani huenda kuangalia kama anaacha?"

"Mimi."

"Ulienda lini?"

Mjomba alinikanyaga mguu. Afisa alitazama dirishani, akamtazama jogoo mezani, akachukua kofia yake. "Ingia motokaa," akasema.

Jioni tulikuwa tena pale bwawani, safari hii na Serkali. Nyapara alificha filimbi. Afisa alijaribu kuinua ubao, ukagoma. Akavua viatu, akaingia majini, akapapasa chini, akavuta gunia la udongo. La pili. La tatu lilimwangusha matakoni.

"Ni fuko, Bwana," nyapara akasema. "Fuko wa hapa wanasukuma udongo sana."

"Na magunia huyanunua wapi hao fuko?" nikauliza. Safari hii mjomba hakunikanyaga.

Ubao ukainuka. Maji yakatoka yakikohoa, meusi, na bata wakashangaa. Mimi nilitaka tuondoke tukishangilia, lakini mjomba alibaki wima pale pale.

"Bwana, wewe utarudi Kitale," akasema. "Na huu ubao utashuka."

Afisa aliyekuwa amelowa mpaka kiunoni aliukagua ubao toka juu hadi chini. Kisha akaagiza msumeno. Ubao ulikatwa sehemu ya chini, upana wa kiganja, ili hata ukishushwa wote maji yapenye. Nyapara mwenyewe ndiye aliyeshika msumeno, na sitasema nilifurahi kiasi gani.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, tukiyafuata maji. Nilidhani maji hukimbia. Wapi! Kila mchanga mkavu ulikunywa kwanza, kila shimo lilijaa kwanza, na sisi tunangoja. Nilikuwa nikiyatukana yaongeze mwendo. Jogoo alitangulia, akarudi, akatangulia tena. Wanawake walitoka na mitungi wakiona yakifika, na hakuna aliyeuliza bei. Yalifika kwetu yakiwa membamba kama mkia wa ndama, lakini yalifika, na ile ardhi iliyopasuka ikaanza kufumba midomo yake.

Siku yangu ilipofika nilisimama mle alfajiri, matope mpaka masikioni, baridi ya bwawa la setla imeniingia mifupani. Ningeweza kufanya mzaha, na mizaha nilikuwa nayo. Nilinyamaza. Nilirudi nyumbani, nikasimama, na sikupepesa jicho. Kama huamini, muulize mjomba Wafula, yule aliyelia machozi ndani ya koti la jeshi.

Shuleni tunafundishwa kwamba mto huanzia mlimani. Wetu nimeuona unapoanzia: kwenye ubao. Na Serkali nimeiona, iko kama mama anayegawa ugali. Akiwepo kila mtoto anapata, akikaa sebuleni mkubwa anameza chungu chote. Lazima mtu aende kumwita jikoni, hata kwa kelele za njuga.

Rika letu limepewa jina tayari. Tunaitwa Ubao.