Samaki Aliyelala

Harufu ya samaki aliyelala chunguni, iliyochanganyika na moshi wa kuni na chai ya tangawizi, ndiyo iliyoniamsha kila asubuhi nyumbani kwetu Mkwaja, miaka ile ya hamsini, nilipokuwa msichana mdogo. Desturi ya nyumba ya bibi yangu mzaa baba ilikuwa hivi: samaki wa jioni huliwa na watu wazima. Sisi watoto, mimi na binamu zangu, usiku tulipewa wali na mchuzi, na vipande vyetu vikabaki chunguni tuje tule asubuhi kwa mihogo. Nilikipenda kiporo kile, jamani, hasa cha jodari! Lakini kilinitesa. Kabla chai haijaisha, uso unawaka, midomo inavimba, mabaka mekundu yanatapakaa mwilini na moyo unanienda mbio.

Bibi alinifukiza ubani, akanipaka mafuta ya nazi, mwishowe akakata shauri.

"Mtoto huyu bahari haimtaki," alimwambia baba. "Apelekwe Muheza kwa shangazi yake, huko wanakula maharage."

Baba hakuwa na ubavu wa kumbishia mama yake. Mama alinifulia nguo za safari huku akilia waziwazi, maana sikuwa na ndugu wa tumbo moja; mimi ndiye mtoto wake wa pekee.

Jioni ya kuamkia safari, mama alivunja desturi. Alichukua kipande chake mwenyewe cha jodari, kikitoka moshi, akaniwekea juu ya wali. Bibi akaguna, akaenda kuweka makaa kwenye chetezo tayari kwa ubani. Nikala mpaka nikalamba vidole. Tukangoja. Wallahi, hata upele mmoja haukunitoka! Asubuhi, kwa mazoea, nikamega kipande changu kilicholala, na uso ukawaka palepale.

Mama aliruka. "Mama, samaki ni yuleyule!" alimwambia bibi. "Jana wa moto hakumfanya kitu. Bahari haijamkataa mwanangu, anayemdhuru ni samaki aliyelala."

Bibi alinitazama, akatazama chungu. "Haya, na kiporo chake atakula nani?"

"Nitakula mimi."

Safari ikafa hapo hapo.

Leo nakaa Raskazone, nina friji, na daktari wa mjini amenieleza kwamba samaki akikaa kwenye joto huzaa kitu ambacho mwili wangu hauwezi kukihimili, hata akipikwa vipi. Nilimshukuru, lakini moyoni nikacheka: mama alishayajua hayo jikoni. Wajukuu hunitania ninavyokagua mashavu ya samaki sokoni. Wacha wacheke. Mimi nimekulia kwa mama yangu, si Muheza.

Alikula kiporo changu, mimi nikala kipande chake cha moto, mpaka nikaolewa. Siku ya kwanza alipokuja kula kwangu, nilimwekea kipande cha kwanza, cha moto kabisa. Akakishika, akakipuliza, kisha akanisogezea.

"Kula wewe, mwanangu. Kisije kikalala."