Laini Haitunzi Sauti

Jina la Mama Kifupi alipewa na wateja, tena kwa kejeli. Ukimuuliza jambo lolote kuhusu simu yako, huanza kwa kusema, "Kwa kifupi," halafu unaweza kwenda dukani kununua vocha, ukarudi, ukamkuta bado yuko katikati ya maelezo. Kinyozi wa kibanda cha jirani hakuchoka kumtania. "Mama Kifupi, mwachie huyo mteja, nilimnyoa asubuhi na nywele zimeshaota tena!"

Hakujali. Kibanda chake kilikuwa na meza ya kioo, bisibisi ndogondogo kwenye kopo la maziwa, taa ya kuvuta, na kiti kimoja cha mteja kilichofungwa waya mguuni. Zamani alikuwa fundi wa redio. Biashara ya redio ilipodorora akahamia simu, na huko akagundua kwamba kinachowatesa watu mara nyingi si simu kuharibika, bali ni maneno yake. Mtu anaambiwa azime data, anazima simu nzima, anakaa siku mbili anashangaa mbona hapigiwi. Mwingine anaambiwa afute vitu asivyovihitaji, anafuta picha za harusi yake. Basi Mama Kifupi akajiapiza: hatoki mtu kibandani kwake na neno asilolielewa.

"Data ni vitu vyenyewe vinavyopita kwenye mtandao," alikuwa akimwambia mwuza nyanya mmoja asubuhi hiyo. "Maandishi, picha, sauti. Bando ni kiasi ulichonunua cha kuvipitisha. Maandishi ni mepesi, picha nzito, video ndiyo usiseme. Sasa wewe umeangalia video tangu alfajiri, halafu unaniuliza bando limeliwa na nani. Limeliwa na wewe, mama!"

Mwuza nyanya akacheka, akaondoka. Mlangoni akapishana na seremala, mzee mrefu mwenye unga wa mbao kwenye nyusi, karakana yake iko mtaa wa nyuma. Mkono mmoja ulishika simu mpya, bado ina karatasi ya plastiki kwenye kioo. Mkono wa pili ulishika kitambaa. Akakifungua juu ya meza, ndani mna laini, ile kadi ndogo ya simu.

"Nitolee sauti za mke wangu humu," alisema.

Mama Kifupi alimjua marehemu. Mtaa mzima ulimjua. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, hapendi kuandika, kutwa anarekodi ujumbe wa sauti na kuwatumia watu. Alifariki kabla ya mvua za mwaka huu.

"Sauti zilikuwa wapi, baba?"

"Kwenye simu yangu ya zamani. Kioo kilipasuka, binti yangu akaninunulia hii. Ile nikampa mpwa wangu. Lakini laini niliitoa mwenyewe kwa mkono wangu, siku ileile, nikaifunga vizuri. Si kila kitu kiko kwenye laini? Mpwa wangu naye alinihakikishia. Akaifuta simu yote, akaanza upya."

Masikini! Mtaa mzima uliamini hivyo, kwamba laini ndiyo roho ya simu. Mama Kifupi alilisahihisha jambo hilo kila wiki, lakini hakuwahi kulisahihisha kwa mtu aliyepoteza kitu kama hiki. Mafundi wengine wangesema, acha nijaribu, pita wiki ijayo, na mzee angepita wiki ijayo, na ile nyingine, mpaka achoke mwenyewe. Kwa mara ya kwanza aliona raha ya uongo.

Akavuta pumzi. "Baba, laini haitunzi sauti. Laini kazi yake ni kuitambulisha simu kwa kampuni, iseme: namba hii ni ya fulani, mpitishieni. Inaweza kushika majina machache na namba zao, basi. Sauti na picha hukaa kwenye kumbukumbu ya simu yenyewe. Ile simu ikifutwa, navyo vimekwenda."

Mzee aliigeuza laini kwa kidole. "Binti yangu alitaja wingu."

"Wingu ni kompyuta kubwa za kampuni, ziko mbali. Ukiiagiza simu, inapeleka huko nakala ya vitu vyako, kwa nywila yako, ili simu ikiharibika nakala ibaki. Uliwahi kuiagiza?"

"Hata sijui inaagizwaje."

"Basi hakuna kilichokwenda. Pole, baba. Pole sana."

Mzee aliifunga ile laini kwenye kitambaa, mkunjo baada ya mkunjo. Hakulia. "Nimemtoa mwenyewe nyumbani kwa mkono wangu," alisema. Kinyozi, aliyekuwa akisikiliza kupitia ukuta wa bati, akazima mashine yake.

Mama Kifupi angeweza kuishia hapo. Lakini kichwa cha fundi hakitulii. "Ngoja kwanza. Alikuwa anakutumia wewe tu? Au na kwenye kundi la familia?"

"Kundini! Wee! Kila siku. Watu walilalamika."

"Basi sikiliza. Ukituma ujumbe kundini, unapita kwenye kompyuta inayoitwa seva. Seva inagawa: kila simu ya kundi inapata nakala yake. Wewe umepoteza ya kwako. Za wenzako ni zao. Tuwapigie."

Wakapiga pale pale. Binti alisema alizifuta, simu ilikuwa inajaa. Kaka wa mzee alisema hakuwahi hata kuzifungua, na simu ile ilishaibwa. Wengine vilevile. Mama Kifupi akauliza kama kuna aliyebaki.

Mzee akajikuna kidevu. "Dada yangu mkubwa. Lakini huyo na marehemu walikuwa paka na panya. Hawezi kuwa na kitu."

"Mpigie."

Dada mtu hakujibu la kueleweka kwenye simu. Alikuja mwenyewe kesho yake, mama mnene mwenye hatua nzito, akaibwaga simu juu ya kioo. "Inaganda. Ukigusa hapa, inaitika kesho. Kumbukumbu imejaa kwa ajili ya yule mwanamke. Sijafuta hata moja."

"Hata moja?" Mzee alisimama.

"Nilikuwa naweka ushahidi! Nilisema siku moja nitamkalisha mbele ya ukoo mzima, asikie mwenyewe alivyokuwa ananisema. Nikachelewa." Akageuza uso.

Mama Kifupi aliichukua simu kwa mikono miwili. "Kabla ya kufungua chochote, natoa nakala rudufu. Kwa kifupi, nakala rudufu ni—"

"Mwanangu," mzee akamkatiza, "leo fanya kifupi kweli."

Akafunga mdomo. Akaziunganisha simu mbili kwa waya. Nakala ilipokamilika kwenye simu mpya ya mzee, akabonyeza ujumbe wa kwanza alioukuta. Sauti ikajaa kibandani, ya juu, ya haraka, kama ya mtu aliyesimama jikoni.

"Wifi! Hujambo wifi. Kaka yako hapokei simu, msumeno unapiga kelele. Uko karibu naye, mwambie nimepiga deki. Avue viatu mlangoni. Akiniingizia maranda yake humu ndani leo tutagombana. Haya, na wewe pita ule, usijifanye mgeni."

Ikakatika.

"Ndiyo matusi yenyewe?" Mama Kifupi aliuliza taratibu.

Dada mtu alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio. "Sikuwahi kufika mwisho. Nikisikia tu hilo 'wifi' lake, nilikuwa nazima."

Mzee hakuwasikia. Alikuwa ameinama kwenye kile kiti kibovu, anafungua kamba za viatu polepole, kiatu kimoja, kisha cha pili. Akavitoa nje, akavipanga mlangoni, maranda ya mbao yakamwagika kizingitini. Akarudi ndani kwa soksi tu.

"Nimevua, mama watoto," aliiambia simu. "Nimevua."