Mkeka Ulioelekea Jinja

Adhana ya alfajiri huanza Mbale kabla ya Jinja. Jambo hilo sikulisoma popote. Nililisikia kwenye simu. Juma la kwanza baada ya kuhamishiwa Mbale, nilimpigia rafiki yangu wa Jinja kabla hakujapambazuka ili tuanze mazoezi yetu ya yoga pamoja. Mwadhini wa Malukhu, mtaa nilikopanga, alikuwa karibu kumaliza ndipo nikamsikia wa kwao akianza, sauti ndogo ndani ya simu, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Tukacheka.

"Basi mimi nitakuwa nakungoja," nikamwambia.

Rafiki huyo ni fundi cherehani. Yoga tulijifunza pamoja kwa mwalimu mgeni aliyefundisha kwenye nyumba ya wageni kando ya Nile. Mwalimu aliporudi kwao darasa lilitawanyika, tukabaki sisi wawili kwenye baraza ya duka lake, pembeni ya gunia la vipande vya vitambaa. Miaka ikapita hivyo. Mimi ni mhariri wa habari redioni, na mpangilio wetu niliujua kama ninavyoujua mpangilio wa taarifa: kwanza pumzi, kisha salamu kwa jua, kisha mkao wa kupiga goti, kisha mti, yaani kusimama kwa mguu mmoja, na mwisho kulala chali.

Siku niliyohama, alinifungia mkeka wangu kwa utepe uliobaki kwenye sare za shule.

"Tusibadilishe kitu," alisema. "Ukiwa kwenye mti, nijue uko kwenye mti. Ukianza kurukaruka, nitakutafuta wapi?"

Baada ya juma lile la kwanza hatukupigiana tena alfajiri. Hakukuwa na haja. Nilitandika mkeka barazani, nikauelekeza upande wa Jinja, nikajifunga leso kichwani kwa sababu ya baridi ya mlimani. Adhana ya Malukhu ilipokwisha nilikaa kimya, nikingoja ile nisiyoweza kuisikia. Kisha nikaanza, na kwa muda ule baraza ilikuwa na watu wawili.

Saa nyingine zote zilikuwa za mtu mmoja. Nilitoka kazini nikarudi kwenye chumba chenye kikombe kimoja na kiti kimoja. Majirani walinisalimu vizuri na kwa mbali. Nimelelewa na wazazi Wakenya, Kiswahili ndicho cha nyumbani kwetu, lakini hapa ukikisema kwa ufasaha watu hujiuliza mumeo yuko kambi gani ya jeshi.

Jirani wa karibu zaidi, mama mtu mzima anayeuza vitenge, alikwenda Makka na tangu hapo wote humwita Hajati. Alfajiri alipotoka kutawadha alinitazama juu ya ukuta mfupi unaotutenga. Asubuhi moja uvumilivu ulimwishia.

"Dada, usikasirike. Nani alikuonyesha kibla?"

"Kibla?"

"Sisi hapa kibla iko upande ya Nakaloke. Wewe unaswali umeelekea Busiu. Busiu iko na nini? Mahindi?"

Nikamweleza kwamba siswali, kwamba mimi ni Mkristo, na haya ni mazoezi ya mwili.

"Banange!" Akajishika mdomo. "Mkristo! Na Kiswahili hiyo yote? Na mimi nimeambia watu tumepata mwenzetu, mgeni, anatushinda kuamka! Ile ya kusimama mguu moja nikasema, labda Kenya ndiyo wanafanya hivyo."

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Nami nikacheka, na nikashangaa jinsi sauti yangu ilivyokuwa imekauka. Kisha akauliza, bado akijifuta machozi, "Sasa kama si swala, kwa nini ukipiga goti unasema 'mama wee'?"

Sikujua kwamba nilikuwa nasema. Goti la kulia lilianza kuvimba mvua zilipoingia. Muuguzi aliniambia niache kuliweka chini. Sikuacha. Kuuruka mkao ule kungenifikisha kwenye mti mapema, nikasimame pale bila mwenzangu. Hilo sikumwambia Hajati. Nilimwambia tu kwamba utaratibu ni utaratibu.

"Mimi goti zangu zote mbili zilikufa," alisema. "Naswali kwa kiti. Saa ya swala ni ile ile, haijanihurumia. Lakini kiti, Mungu ameruhusu. Sasa huyo wako ni nani, hakuruhusu kiti?"

Jioni ile nikampigia rafiki yangu. Nilitaka kumwomba tuuondoe mkao wa goti, sote wawili, siku moja. Cherehani yake ilikuwa inalia, akaisimamisha.

"Goti gani, dada?"

"Lile la baada ya salamu kwa jua."

Nikasikia akiweka mkasi mezani.

"Mimi niliacha," akasema.

"Goti?"

"Yote. Nilijaribu ulipoondoka. Baraza ilikuwa kubwa mno bila wewe. Siku hizi natembea jioni na majirani, tunafika mpaka karibu na daraja. Nilidhani na wewe umepata watu wako huko."

"Nimepata," nikasema.

Tukaongea kidogo kuhusu mvua.

Sikumkasirikia. Nilizirudia tu zile asubuhi, moja baada ya nyingine, kama mtu anayesahihisha habari iliyokwisha kusomwa hewani: pale nilipokuwa nikingoja adhana ya kwao ili asibaki nyuma, yeye alikuwa amelala.

Kesho yake sikutoka. Niliisikiliza adhana kitandani, nikasikia birika la Hajati likigonga ukingo wa sakafu, nikajifunika. Keshokutwa yake nilitoka na mkeka na kile kiti changu kimoja. Mkeka niliutandika kama siku zote. Sikuwa na pengine pa kuuelekeza.

Hajati akatokea na birika lake. Alikitazama kiti, akautazama mkeka.

"Bado Busiu?"

"Bado Busiu, Hajati."

"Haya. Na kiti umeruhusiwa?"

"Nimeruhusiwa."

"Na nani?"

Mwadhini alikuwa ameanza, naye akaingia ndani bila kungoja jibu. Niliketi mpaka adhana ikaisha. Sikio langu lilitega upande wa Jinja, kwa mazoea. Nikaliacha litege, nikavuta pumzi ya kwanza.