Mkono Niliompa Mzee Barisa

Siku yangu ya kwanza kazini Garsen, mwishoni mwa miaka ya hamsini, Bwana DO, mkuu wa tarafa, Mzungu asiyependa maneno mengi, alinipa noti ya shilingi ishirini akaniambia niiinue dirishani.

"Unaona nini?"

"Namwona Malkia, bwana."

"Tazama ndani ya karatasi."

Ndipo nikaiona alama iliyofichwa, isiyoonekana mpaka mwanga upite. Hivyo ndivyo karani alivyofundishwa kutambua noti ya bandia. Nilirudi kwetu Hewani kichwa kimevimba, nikijiona nusu serikali.

Baadaye nilihamishiwa Madogo. Miaka michache baada ya Uhuru nikarudishwa Garsen, chini ya DO mpya, Mwafrika mwenzetu. Nchi ilikuwa imetoa shilingi yake yenyewe. Zile za zamani, tulizotumia pamoja na nchi jirani, zilipaswa kukusanywa zote, maana pesa mbili zikizunguka soko moja watu huanza kuchagua, na ile mpya hudhoofika kabla haijasimama. Tulibadilisha shilingi kwa shilingi.

Shida ilikuwa wafugaji. Waorma wengi waliweka pesa za ng'ombe ndani ya vibuyu, wala hawakuwa na haraka ya kuionyesha serikali. DO akanituma barazani.

"Waambie hakuna atakayeulizwa kitu," alisema.

Nikawaambia. Mzee Barisa, aliyeuza mafahali wake wakati wa ukame ili mvua ikinyesha anunue mitamba, akasimama.

"Karani, mimi serikali hapana jua. Najua wewe. Lete mkono."

Kwa wafugaji wale, anayetoa mkono mbele ya watu mnadani ndiye mdhamini. Mambo yakiharibika hudaiwa yeye. Nililijua hilo vizuri. Nikautoa.

Kesho yake alileta kibuyu. Noti zilinuka moshi na samli. Nilikuwa namhesabia mpya DO alipokuja mezani.

"Huyu hajalipa kodi tangu enzi za mkoloni. Kata hapo hapo."

"Bwana, nilimpa mkono mbele ya watu."

"Mkono wako si sheria. Kata."

Nikakata. Zilizobaki hazikutosha hata mtamba mmoja. Mzee Barisa hakunitukana, na laiti angenitukana. Waliokuwa nyuma yake wakaondoka na vibuyu vyao, na muda wa kubadilisha ulipokwisha pesa zao zikawa karatasi tu. Tangu siku hiyo nilipita mbali na boma lake, mpaka alipofariki.

Nilistaafu nikapewa cheti kinachosifu uaminifu wangu. Naona haya kukitundika.

Hivi majuzi noti zilipobadilishwa tena, wajukuu wa Mzee Barisa walinijia.

"Babu, hizi za zamani tupeleke benki ama tukae nazo?"

Kabla sijajibu, mkubwa wao akacheka, akainamisha macho.

"Usikasirike, babu. Marehemu alituusia, jambo la pesa likija tumuulize karani wa Garsen, halafu tufanye kinyume."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Muda wa kubadilisha ulikuwa unakwisha, na vijana wale walikuwa wameuza ng'ombe.

"Kaeni nazo," nikawaambia. "Msithubutu kuzipeleka."

Walinishukuru kwa heshima. Asubuhi yake nikasikia wako mbele kabisa kwenye foleni ya benki.