Siku Niliyojitwisha Mlango wa Mpangaji Wangu

Nichekeni sasa hivi mmalize, maana kule kwetu Ilemela wamenicheka mwezi mzima na bado hawajachoka, na nikifika katikati nitahitaji angalau mtu mmoja wa kunionea huruma.

Mimi ni mwenye nyumba. Cheo hicho nilikirithi kwa marehemu baba, pamoja na vyumba sita vilivyopandana juu ya majabali kama mbuzi. Chumba namba moja kiko chini kabisa, kando ya barabara. Vingine unavipandia ngazi za mawe, moyo ukiwa mdomoni. Sasa mama yangu, mwenye magoti mabovu, alikuwa anakuja Jumamosi kutoka Ukerewe kuishi nami, na kwa magoti yale hakuna chumba kingine ila namba moja. Na namba moja alikaa Mwalimu Nyamizi, mstaafu, mpangaji wetu wa miaka tisa.

Enzi za baba jambo hili lilikuwa jepesi: mpangaji hatoki, unang'oa mlango, anatoka. Utaratibu safi, hauna karatasi. Lakini siku hizi redio haichoki kutangaza kwamba sheria za upangaji zinabadilika, mkataba uandikwe, notisi iandikwe, mtu apewe muda wake (maskini sisi wenye nyumba, nani atatulilia?). Nami, kwa akili nyingi nilizojaliwa, nikagundua upenyo: sheria inakataza kumfukuza mtu, haikatazi kumtengenezea mlango.

Alhamisi asubuhi nikashuka na bisibisi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Bisibisi ya nini?"

"Mlango wako unalia. Nataka fundi auangalie."

"Mbona mimi sijausikia?"

"Unalia kwa ndani, mwalimu."

Akanitazama kama alivyowatazama, nadhani, watoto wote waliowahi kumwambia wamesahau daftari nyumbani. Nikaung'oa. Mpango ulikuwa kuupeleka kwa rafiki yangu Masanja, seremala, autengeneze polepole, polepole sana, mpaka mwalimu achoke kulala na pazia.

Barabarani watu wangeniuliza maswali, kwa hiyo nikachagua njia ya mkato, ile inayopenya kati ya majabali mawili juu ya ofisi ya mtaa. Hapo ndipo nilipojimaliza. Mlango ule ni wa mninga, mzito kama dhambi, nikauingiza kiubavu, ukanasa. Nikasukuma, ukagoma, nikavuta, ukazidi kugoma, mimi nimebanwa chini yake naona vidole vyangu vya miguu tu, na huko chini nasikia kipaza sauti. Mkutano wa mtaa! Mtendaji alikuwa anawaeleza wenye nyumba na wapangaji utaratibu mpya.

"Na hii tabia ya kung'oa milango ya watu," alikuwa anasema, "ife kabisa."

"Mtendaji," akadakia mama mmoja, "haijafa. Ile pale inatapatapa."

Wakageuka wote. Na mlango wenyewe, jamani, nilikuwa nimeubeba na msumari wake wa nyuma, na kwenye msumari linaning'inia gauni la kulalia la mwalimu, la waridi, linapepea kwa upepo wa ziwa kama bendera ya nchi ndogo iliyopata uhuru jana.

"Huyo si Mathias, yule anayeandika vitabu?"

"Mathias, andika na hii!"

Wanaume wanne wakaninasua. Kisha mlango ukarudishwa kwa maandamano, mkutano mzima nyuma, mtendaji mbele na kipaza sauti chake, mimi katikati nimeshika gauni (hakuna aliyekubali kunipokea). Mwalimu alikuwa amekaa kizingitini anamenya viazi.

"Mwalimu, mna ugomvi na huyu?" mtendaji akamuuliza.

"Hapana. Aliniambia mlango unalia kwa ndani."

Walivyocheka! Ndipo nikashindwa, nikasema ukweli mbele ya watu wote: mama anakuja, magoti yake hayapandi mawe, nilikihitaji chumba. Kicheko kikakatika.

"Mathias," mwalimu akasema, kisu bado mkononi, "ungenieleza hivyo asubuhi, ningehamia namba tano kilicho tupu leo leo. Mimi magoti yangu mazima."

Moyo ukaruka. "Basi, mwalimu..."

"Basi nini? Hiyo ilikuwa asubuhi, nilipokuwa mama yako. Sasa umenifanya mpangaji. Niandikie notisi."

Nikaiandika. Kurasa tatu, na machweo ndani yake. Akanirudishia: "Hii barua ya mapenzi. Andika tarehe, chumba na sababu." Nikaandika upya, mistari minne.

Jumamosi mama alishuka kwenye kivuko habari ameshazipata humo humo majini. "Silali kwenye chumba cha mtu aliyevuliwa mlango," akasema, akaenda zake kwa dada yangu Buhongwa, kwenye tambarare.

Notisi bado inakula siku zake. Kila Jumapili naenda Buhongwa kumsalimia mama, nakaa ukumbini kama mgeni, yeye na dada wanazungumza, nami naapa moyoni kwamba nikihitaji kitu cha mtu tena nitakiomba kwa mdomo. Jumapili iliyopita nilimwambia hivyo. Akanisogezea chai.

"Kunywa," akasema. "Usije ukachelewa kumwomba na mwingine, kama ulivyochelewa kwa mwalimu."